Jinsi ya Kuupima Mwisho wa Msimu Uliokuvunja Moyo

Msimu wa tamthilia ya kubuni ya kisayansi unapomalizika na kumwacha mtazamaji na kinyongo, jambo la kwanza linalomjia mdomoni ni kwamba waandishi wameharibu. Huenda ni kweli, lakini ndani ya lawama hiyo moja huwa yamejificha malalamiko matatu yasiyofanana: kwamba hadithi ilikatwa kabla ya kufika, kwamba ilifika kwa kuvunja kanuni ilizojiwekea yenyewe, au kwamba ilifika salama mahali ambapo mtazamaji hakutaka ifike. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatenganisha. Mifano yake inafichua miisho ya tamthilia za zamani, hivyo ambaye hajazitazama na ajihadhari.

Anza kwa kuuliza kama kilichokwisha ni msimu au ni tamthilia nzima. Mwezi Juni 1990 msimu wa tatu wa Star Trek: The Next Generation uliishia patamu: Kapteni Picard amekwisha kugeuzwa kuwa mmoja wa Borg, maadui walio nusu viumbe nusu mashine, msaidizi wake Riker anaamuru silaha zifyatuliwe, kisha maandishi yanatangaza kwamba hadithi itaendelea. Mtazamaji aliyeumia usiku ule alikuwa amekopwa, na mwezi Septemba akalipwa. Hali ilikuwa nyingine kwa Farscape, ambayo mwezi Machi 2003 iliwaacha wahusika wake wakuu wawili wakiwa wamesambaratishwa vipandevipande ndani ya mashua, ilhali kituo cha televisheni kilikuwa kimekwisha kuifuta. Deni hilo lililipwa mwaka 2004 kwa tamthilia fupi, lakini kwa muda wote wa katikati malalamiko ya haki yalimhusu aliyefuta, wala si aliyeandika.

Hatua inayofuata ni kuchunguza mazingira ya utengenezaji. Mgomo wa waandishi wa Marekani uliodumu kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008 uliufunga msimu wa pili wa Heroes baada ya sehemu 11 tu. Msimu wa pili wa The Next Generation, uliomalizika mwaka 1989, ulifungwa kwa sehemu ambayo Riker amelala hospitalini akikumbuka matukio ya nyuma, yaani vipande vilivyokwisha kuonyeshwa, kwa kuwa fedha zilikuwa zimeyoyoma. Kujua sababu hakuifanyi sehemu hiyo kuwa nzuri. Ni mbovu, na itabaki kuwa mbovu. Kunachobadilisha ni anwani ya lawama.

Ukishaondoa hayo, ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hapa hapafai haraka. Acha siku chache zipite, kisha tazama tena sehemu ya kwanza ya msimu na ya mwisho kwa mfuatano, ukiwa na karatasi. Andika kila swali ambalo hadithi yenyewe ililiuliza, kando na maswali uliyojiulizia wewe au uliyoyachota kwenye makisio ya watu (na wapo watazamaji ambao hukisia zaidi ya wanavyotazama). Orodha ya kwanza ndiyo inayomdai mwandishi, na ya pili haimdai kitu.

Battlestar Galactica, iliyokamilika mwezi Machi 2009, ni somo zuri la hesabu hiyo. Utangulizi wake ulikuwa ukitangaza, sehemu baada ya sehemu, kwamba Cylon, yaani roboti maadui wa binadamu, wana mpango. Aliyefika mwisho akauliza mpango huo ulikuwa upi hakuwa akijitungia swali. Mfikirie pia rubani Kara Thrace, ambaye alikufa katika msimu wa tatu, akarudi na chombo kipya kinachong'aa, kisha akaikuta maiti yake mwenyewe ndani ya mabaki ya chombo cha zamani na kuichoma moto. Katika sehemu ya mwisho anatoweka uwandani wakati mwenzake akiendelea kuzungumza. Wapo waliolaani suluhisho la kiroho, nami siungani nao, kwa sababu njozi na unabii vilikuwemo tangu msimu wa kwanza, hivyo kanuni haikuvunjwa. Lakini maiti ni kitu cha kushikika. Hadithi ilituonyesha mifupa na ikatutaka tuulize ilifikaje pale, kisha ikaondoka bila kujibu. Hilo ndilo lalamiko lenye miguu, na ni dogo kuliko kusema tamthilia nzima ilikuwa upuuzi.

Pima vilevile ni nani aliyekabidhiwa mwisho. Star Trek: Enterprise ilipofungwa mwezi Mei 2005, sehemu yake ya mwisho iliegemezwa kwa Riker na Troi, wahusika wa tamthilia nyingine, huku mabaharia wa Enterprise wakiwa taswira za kuigizwa tu. Hapo hapahitajiki uchambuzi mrefu.

Unapoandika maoni yako, tunga sentensi inayoweza kupingwa. Kusema mwisho ulikuwa wa hovyo hakumpi msomaji kitu cha kushika. Kusema, kwa mfano, kwamba sehemu ya tatu ilieleza lango halifunguki kutoka ng'ambo, kisha sehemu ya mwisho likafunguliwa kutoka ng'ambo bila maelezo, kunampa. Usiweke siri za hadithi kwenye kichwa cha maandishi yako, wala usimtukane mwigizaji kwa maneno aliyoandikiwa.

Ikiwa tatizo ni kukatwa, watazamaji wakiungana wanaweza kufanikiwa. Kituo cha CBS kilipoifuta tamthilia ya Jericho mwaka 2007, mashabiki waliituma ofisini kwake shehena ya karanga, wakirejea neno "Nuts" (karanga kwa Kiingereza) alilolitamka mhusika katika sehemu ya mwisho, na kituo kikaagiza sehemu 7 zaidi zilizoonyeshwa mwaka 2008. Ombi lao lilikuwa moja na lilimfikia mwenye uamuzi. Kampeni ya kudai mwisho uliokwisha kuonyeshwa uandikwe upya ni kupoteza nguvu. Kama msimu mwingine umeagizwa, hifadhi orodha yako ya kwanza, utazame sehemu mbili au tatu za mwanzo, na ukiona hakuna hata swali moja lililoguswa, hama tamthilia hiyo.