SOMO: Kupiga simu nyumbani kwa data ukiwa Dubai au Guangzhou bila kumaliza mtaji

Wakuu, poleni na majukumu. Kila maonyesho ya biashara ya Canton, kule Guangzhou, yakikaribia, Aprili na Oktoba, ujumbe unanimiminikia, na swali ni lile lile: "Nikiweka laini ya kule, WhatsApp yangu itapotea?" Haipotei. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja: namba yako na data yako ni vitu viwili. Laini ya nyumbani ikiwa ugenini ina kazi ya kulinda namba, yaani kupokea SMS za benki na kukuhakiki WhatsApp ikitaka. Kubeba sauti ni kazi ya laini ya ugenini, eSIM (laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu) au waifai ya hoteli. Wengi wanaolia kwamba simu za nje ni ghali wameipa laini ya nyumbani kazi zote mbili.

KABLA HUJAONDOKA

1. Bonyeza *#06#. Ukiona namba ndefu yenye herufi EID, simu yako inakubali eSIM. Isipokuwepo, tafuta simu ya laini mbili.

2. Hakikisha simu haijafungwa kwa mtandao mmoja, hasa mitumba ya Marekani na Ulaya. Ingiza laini ya mtandao mwingine, ikishika umemaliza.

3. WhatsApp: weka PIN ya uthibitisho wa hatua mbili na barua pepe. Baada ya hapo usiifute wala kuipakua upya mpaka urudi. Imesajiliwa kwa namba, haijali laini gani imo ndani ya simu. Ikikuuliza kama umebadili namba, jibu hapana.

4. Pakua programu za uendako ukiwa bado nyumbani. China WhatsApp imezuiwa tangu 2017 na duka la Google halifunguki, kwa hiyo weka WeChat, programu ya Wachina ya ujumbe na simu, mapema. Kusajili WeChat mara nyingi hudai mwenye akaunti ya siku nyingi akuskanie msimbo, mwombe wakala wako kabla hujapanda ndege. Dubai ujumbe wa WhatsApp unapita, sauti ulizorekodi zinapita, ila kupiga simu kumezuiwa. Kule weka BOTIM, programu ya kupiga simu inayoruhusiwa kule. Na wa nyumbani naye aiweke! Watu wanafika Deira na BOTIM safi, halafu mke yuko Mbagala hana hata habari nayo.

5. Piga ##002# kwenye laini ya nyumbani. Hiyo inafuta uhamishaji wote wa simu. Ukiwa nje, mtu akikupigia usipokee, simu inaweza kurudishwa nyumbani kwenye kisanduku cha sauti, nawe ukatozwa mara mbili: kuja kwake kwako na kurudi kwake. Hukuongea hata neno.

6. Zima romingi ya data kwenye laini ya nyumbani. Someni hapa polepole, kama mtu anayesaini mkataba wa nyumba.

Romingi ni laini yako kutumia mnara wa watu wengine ukiwa nje. SMS na menyu za nyota zinapita humo na hatuzikatai. Data ndiyo tunayoikataa. Tatizo ni kwamba eSIM nyingi za wasafiri nazo ziko kwenye romingi: unainunua mtandaoni, imetolewa na kampuni ya nchi nyingine kabisa, kwa hiyo maelekezo yake yanakwambia "washa romingi ya data". Unawasha. Sasa umewasha ya laini ipi? iPhone na Android nyingi zina swichi ya kila laini, ila zipo Android ambazo swichi ni moja kwa laini zote mbili. Hapo ukiiwashia eSIM umeiwashia na laini ya nyumbani.

Halafu kuna mtego wa pili. Simu za laini mbili zina kipengele cha kuhamisha data zenyewe: laini ya data ikizidiwa, simu inakwenda kuchota kwenye laini nyingine bila kukuambia. iPhone kimo kwenye menyu ya data ya simu, Android mpya kimo kwenye mipangilio ya laini. KIZIME. Mitego hii miwili ikikutana, uko ndani ya lifti eSIM inapoteza mnara, simu inahamia laini ya nyumbani, na picha mia za sampuli za viatu zinaanza kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa bei ya romingi. Ukitoka kwenye lifti salio limekwisha, na ukiwa wa malipo ya baadaye, bili inakusubiri mezani.

Kwa hiyo: chagua eSIM kuwa laini ya data. Zima kuhamisha data. Zima romingi ya data ya laini ya nyumbani. Ingia tena uhakikishe. Kama simu yako ina swichi moja tu, toa laini ya nyumbani uiweke kwenye kitochi, kitakupokelea SMS na hakina pa kupeleka picha. Zima pia hifadhi ya picha na masasisho kwa data. Wa iPhone, mjue kwamba FaceTime na iMessage zikijisajili upya zinaweza kutuma SMS ya kimataifa kimyakimya, weka salio dogo.

7. Usiipoteze laini ya nyumbani. Kuirudisha ni alama za vidole, na kidole hakitumwi kwa DHL.

UKIFIKA

8. Laini ya kule inanunuliwa kwa pasipoti. China wanakupiga na picha ya uso.

9. Chagua njia ya data. Hapa ndipo wengi wanashangaa: kwa nini laini ya China haifungui WhatsApp, na eSIM ya msafiri inafungua, na zote ziko kwenye mnara ule ule? Kwa sababu data ya romingi kwa kawaida hairuki kwenda intaneti pale ulipo. Inasafirishwa kwanza hadi kwa mwenye laini, pengine Hong Kong au Singapore, ndipo inatokea mtandaoni. Kizuizi cha China kiko kwenye mlango wa kutokea wa China, na data yako haikutokea mlango huo. Laini ya kule ni rahisi kwa bei na nzuri kwa ramani na WeChat. eSIM ni ghali kidogo kwa kila GB ila WhatsApp inabaki. Mimi nikienda na mzigo wa maongezi nabeba zote mbili.

10. Piga. Sauti ya WhatsApp iwekee hesabu ya nusu MB kwa dakika, saa nzima karibu MB 30. Video zidisha mara kumi au zaidi. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna kutumia data kidogo wakati wa simu, iwashe.

11. Wa kitochi. Mama hana simu janja, BOTIM itamsaidia nini? Hapa unahitaji huduma inayotoka intaneti na kuingia kwenye mtandao wa simu wa kawaida: Viber Out, Rebtel, Yolla. Skype ilikuwa humu, ilifungwa tarehe 5 Mei 2025, acheni kuiulizia. Angalia bei ya dakika ya nchi unayopiga kabla ya kuweka pesa. Mtashangaa kwamba kupiga Tanzania mara nyingi ni ghali kuliko kupiga Marekani: mtandao unaopokea simu ya nje unamtoza anayeileta, na ada hiyo inarudi kwako. Kwa hiyo ujanja wangu si programu. Mtafute mjukuu au jirani mwenye simu janja, mrushie bando, ampelekee bibi simu mkononi. Bando la GB moja linabeba saa thelathini za sauti na zaidi.

Saa nazo: Guangzhou wako mbele ya Dar kwa saa 5. Kwako saa mbili usiku, nyumbani saa tisa alasiri.

Maswali karibu. Ya kwenye somo sitajibu.

MASWALI

mzigo_wa_kontena: Mkuu kwangu haifanyi kazi.

Mleta somo: Nini haifanyi kazi? Uko wapi? Hatua ya ngapi?

mzigo_wa_kontena: Simu ya WhatsApp. Niko Dubai.

Mleta somo: Hatua ya 4.

dada_wa_deira: Naongezea, naishi huku. Zoom, Google Meet na Microsoft Teams zinapita. Sisi Jumapili tunafungua Zoom ya bure, ndugu wa Tanga, Muscat na Leicester wote ndani. Inakatika baada ya dakika 40, tunafungua nyingine. Na dakika 40 zinatosha, zikizidi wanaanza michango.

Mleta somo: Asante sana dada. Hiyo ni bora kuliko BOTIM kwa kikao, maana wa nyumbani anabonyeza kiungo tu.

kijana_wa_mjini: Mbona hujataja VPN, zile programu za kuficha uko wapi mtandaoni? Watu wote wanatumia.

Mleta somo: Sheria ya makosa ya mtandao ya Emirati, ya 2021, inampiga anayeficha anwani yake ya mtandao ili atende kosa au kosa lisigundulike: jela, au faini kuanzia dirhamu 500,000 hadi milioni 2, au vyote. Umekwenda kununua vipuri. Nimemaliza.

kijana_wa_mjini: Mbona kampuni kubwa wanatumia?

Mleta somo: Kwa kazi za ofisi, kihalali. Wewe una kampuni? Nimemaliza mara ya pili.

fundi_antena: Mimi natumia akaunti ya SIP, yaani ya kupiga simu kwa intaneti, ndani ya programu ya Linphone, dakika zake nafuu. Guangzhou kwenye waifai ya hoteli yeye ananisikia, mimi simsikii. Nikihamia data ya eSIM tunasikizana. Kwa nini?

Mleta somo: Swali zuri, kaa nikueleze. Kwenye SIP kuna mazungumzo mawili. La kwanza ni la kuita, "nampigia fulani", na mara nyingi linapita bandari, yaani mlango wa data, ya 5060. La pili ni sauti yenyewe, RTP, kwa bandari nyingine inayochaguliwa wakati huo. Simu yako inamwambia seva "nitumie sauti kwenye anwani hii". Hotelini anwani yako ni ya ndani, 192.168 na kitu, haijulikani nje. Sauti yako inatoka bila shida, yake inatafuta anwani isiyofikika. Ndiyo maana upande mmoja tu ndio bubu. Dawa: ndani ya Linphone washa STUN na ICE, ili simu ijue anwani yake ya nje. Ikikataa, hamisha usafirishaji kutoka UDP, ulio wazi, kwenda TLS, unaofungwa usisomwe njiani, maana ruta nyingi za hoteli huharibu ujumbe wa SIP zinapojaribu kuusaidia. Angalia na kodeki, yaani namna sauti inavyobanwa: G.711 inakula takriban MB 1.2 kwa dakika ukihesabu pande zote mbili, G.729 karibu theluthi ya hapo. Opus ikikubaliwa na mtoa huduma wako, chukua Opus.

fundi_antena: STUN imetibu. Ubarikiwe.

mama_kitenge: Mbona hatua ya 6 ni ndefu kuliko zote? Yalikukuta nini?

Mleta somo: Isome tena mama.

shehena_salama: Kwa eSIM sauti inachelewa, tunakanyagana maneno na mke wangu. Mtandao una vibao vyote, vile vijiti vya mnara juu ya kioo.

Mleta somo: Vibao ni vya mnara tu, havisemi njia ni ndefu kiasi gani. Rudi hatua ya 9: sauti yako inakwenda kwanza kwa mwenye eSIM, ndipo iende Dar. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili watu waongee bila kukanyagana, na wewe unaikaribia kabla hata Bluetooth haijaongeza wake. Tumia hedifoni za waya. Kisha jaribu WeChat kwa waifai ya hoteli, haina mzunguko huo. Nyaya za baharini zikikatika hakuna dawa, kama Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika pamoja tukakaa tunatazamana.

uzi_mrefu: Fupisha basi, wengine tuko kazini.

Mleta somo: Kwa ufupi, azima simu ya mwenzako.

mtu_wa_kampala: Sisi wa Uganda tukienda Nairobi au Kigali tunahitaji haya yote?

Mleta somo: Kwa sauti hapana. Kenya, Uganda na Rwanda waliingia mpango wa mtandao mmoja tangu 2014: kupokea simu bure, na kupiga kukawekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Data ni habari nyingine, hatua ya 6 inakuhusu kama kawaida.

bibi_harusi_kariakoo: Menyu ya M-Pesa inafunguka China? Nataka kumlipa fundi wa duka.

Mleta somo: *150*00# haitumii data, inapita kwenye laini yenyewe. Kwa hiyo hata ukizima data ya romingi menyu inaweza kufunguka, mradi mtandao wako una makubaliano na wa kule na romingi ya laini imewashwa. Wapigie huduma kwa wateja kabla ya safari, ukiwa kule kuwapigia ndiko kutakula hela ya fundi.

mzigo_wa_kontena: Nimeweka BOTIM, nimempata mama watoto. Ila yeye anaishiwa bando kila tukianza.

Mleta somo: Zimeni video.

mama_kitenge: Na mimi nina langu dogo. Hifadhini namba zote kwa +255, msiache 07. Mwaka juzi nilikuwa na laini ya Dubai, napiga 07 za nyumbani, napokelewa na Waarabu.

Mleta somo: Hii inaingia kabla ya hatua ya 1. Naihariri sasa hivi.