Jinsi ya kusoma bei ya mnadani na historia ya umiliki wa vito vya Kirumi kabla hujaweka dau

Watu wengi wakifungua katalogi ya mnada macho yanakimbilia picha, halafu bei, halafu ndo wanateremka kusoma yale maandishi madogo ya nani alimiliki nini mwaka gani, na wengine hata huko hawafiki. Mi nakushauri ugeuze, anzia chini. Kwenye vito vya Warumi unaweza kukuta pete mbili zimefanana kabisa, dhahabu ileile, jiwe lilelile la akiki, karne ileile ya 2, moja ikauzwa mara kadhaa ya bei ya mwenzake na kinachozitofautisha ni mistari mitatu minne ya umiliki tu. Hiyo mistari ndo unayoilipia, na ndo itakayokuokoa siku mtu akija kukuuliza hii kitu umeitoa wapi.

Chukua lile jiwe jeusi lenye sura ya Antinous, kijana kipenzi wa kaisari Hadrian. Aprili 2019 nyumba ya mnada ya Christie's waliliuza New York kwa dola 2,115,000, likapita mbali sana kadirio lake, yaani bei waliyoitarajia kwenye katalogi, na sasa liko jumba la makumbusho la Getty kule Marekani. Jiwe lenyewe dogo, linaenea kiganjani, tena limevunjika na sehemu iliyopotea imejaziwa dhahabu. Sasa fuata njia yake: karne ya 18 lilikuwa Venice kwa Antonio Maria Zanetti, likaenda Uingereza kwa George Spencer, Duke wa 4 wa Marlborough aliyekuwa na mkusanyo wa mawe ya kuchonga zaidi ya 700, mwaka 1875 mkusanyo wote ukauzwa kwa mpigo kwa David Bromilow kwa gini 35,000 (gini ni kipimo cha zamani cha pesa za Uingereza), mwaka 1899 ukarudi mnadani safari hii jiwe mojamoja, na baadaye hili likafika kwa Giorgio Sangiorgi, mfanyabiashara wa vitu vya kale wa Roma aliyefariki 1965. Uchongaji wake ni wa hali ya juu, hilo halina ubishi, lakini angalia pia kwamba kila kituo kina jina la mtu na mwaka, na jiwe limekuwa likiandikwa na kuchorwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 250. Mnunuzi hakuwa na sababu ya kuogopa kwamba kesho polisi watabisha hodi.

Kwa hiyo ukikaa na loti yako, yaani kile kitu unachokitaka mnadani, tafuta vitu vitatu: jina, mwaka, na karatasi inayothibitisha. Ukikuta "mali ya mkusanyaji binafsi wa Uswisi, ilipatikana miaka ya 1980" ujue hapo bado hujapewa kitu, jina hamna, duka hamna, hata mwaka wenyewe ni muongo mzima. Ukikuta jina la mkusanyaji, mwaka aliponunua, nani alimuuzia, pamoja na katalogi ya zamani na namba ya loti, hapo una pa kuanzia, na kuanzia maana yake ni kwenda kuitafuta hiyo katalogi uione kwa macho yako. Chuo Kikuu cha Heidelberg wameskani katalogi nyingi za minada ya zamani hadi 1945 na zinasomeka bure, kwa mawe ya kuchonga kuna kumbukumbu za Beazley, hifadhi ya utafiti wa sanaa za kale pale Oxford, ambazo zina mkusanyo wa Marlborough, na kuna nakala za plasta za James Tassie, fundi wa karne ya 18 aliyenakili mawe ya kuchonga, ambazo katalogi yake ya 1791 ina mawe zaidi ya 15,000. Jiwe lako likionekana humo, basi limekuwa juu ya ardhi zaidi ya karne mbili, ila hakikisha ni lenyewe na sio ndugu yake. Linganisha vipimo, linganisha mahali lilipomeguka ukingoni, mkwaruzo ulipopita.

Hapo kwenye kulinganisha ndo watu wanapigwa. Katalogi na risiti za zamani nyingi hazikuwa na picha, wameandika tu "pete mbili za dhahabu, za Kirumi", na karatasi ya namna hiyo inaweza kubandikwa kwa pete yoyote ile duniani. Risiti halali ya 1966 kuoanishwa na pete iliyochimbwa usiku juzi ni ujanja wa zamani sana. Uliza uzito, kipenyo, maelezo ya kilichochongwa kwenye jiwe, kama risiti haina hata kimoja basi ihesabu kama nusu ya ushahidi. Na karatasi yenyewe ichunguze kama unavyochunguza pete: barua inayodai ni ya London mwaka 1968 lakini kichwani ina namba ya simu inayoanza na 0171 ni feki, manake huo msimbo wa simu umeanza kutumika 1995. Barua ya Ujerumani ya 1975 yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano, hivyohivyo, tarakimu tano zimekuja Julai 1993. Vitu vidogo lakini mtu anayeghushi huwa anavisahau.

Sasa kwa nini kila mtu anataja 1970? Tarehe 14 Novemba 1970 UNESCO walipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, na soko likaamua kuufanya huo mwaka ndo mstari, kitu kilichotoka nchi yake kabla ya hapo kinauzika vizuri, kilichotokea baadaye bila hati kinakwama, majumba makubwa ya makumbusho hayakigusi na bei inashuka. Ila usidhani kabla ya 1970 ni ruksa tu. Italia wana sheria namba 364 ya mwaka 1909 inayofanya vinavyochimbwa ardhini kuwa mali ya taifa, Uturuki walirithi sheria ya namna hiyo ya Waosmani ya 1906. Na vito vya Kirumi havitoki Italia peke yake, dola ile ilifika Syria, Misri, Bulgaria, Uingereza, kwa hiyo katalogi ikiandika "mashariki ya Mediterania" tu bila nchi, hilo ni swali la kwanza kuwaandikia.

Kingine, mtu akikwambia "iliuzwa mnadani London 1987" usitulie hapohapo. Kesi ya Giacomo Medici, mfanyabiashara wa vitu vya kale wa Italia, ilionyesha kwamba mnada wenyewe ulitumika kuoshea mali. Septemba 1995 polisi walivamia maghala yake kwenye bandari huru ya Geneva (eneo la kuhifadhi mizigo bila kulipa ushuru) wakakuta maelfu ya picha, nyingi za polaroidi, zile zinazotoka kwenye kamera papo hapo, vitu vikiwa bado na udongo, na alihukumiwa Roma 2004. Zile picha zilikuwa ushahidi mzito kwa sababu kamera ile ya polaroidi ya aina ya SX-70 ilitoka 1972, sasa kitu kilichopigwa picha kikiwa na matope kwa kamera ya baada ya 1972 kitasemaje kilikuwa kabatini kwa mtu tangu 1950? Mtaalamu wa akiolojia Christos Tsirogiannis amekuwa akilinganisha picha hizo na za wafanyabiashara wengine na loti zinazotangazwa, na loti kadhaa zimeondolewa mnadani dakika za mwisho kwa kazi yake. Ukikuta jina la Medici, au la wafanyabiashara wenzake Gianfranco Becchina na Robin Symes, kwenye mnyororo wa umiliki, simama kwanza.

Cheti cha Art Loss Register, kampuni yenye orodha ya sanaa zilizoibiwa, ni kizuri kuwa nacho, lakini elewa kinasema nini. Kinasema hiki kitu hakijaripotiwa kuibiwa kwenye orodha yao. Pete iliyotolewa kaburini kwa siri hakuna aliyewahi kujua ipo, nani ataripoti? Cheti kitatoka safi kabisa. Tumia pia app ya Interpol ya ID-Art, ni ya bure, na angalia orodha nyekundu za ICOM (baraza la kimataifa la makumbusho) za Syria, Iraki na Libya, zinaonyesha aina za vitu vinavyoporwa zaidi. Na makumbusho nayo yanaibiwa: Agosti 2023 British Museum walitangaza vitu vimepotea, baadaye ikajulikana ni kama 2,000 vilivyoibiwa au kuharibiwa, vingi mawe ya kuchonga na vipande vya dhahabu, vingine vilishauzwa eBay kwa bei ya kutupa. Aliyegundua ni mfanyabiashara wa Denmark, Ittai Gradel, aliyewaandikia toka 2021, na alishtuka kwa sababu kipande kimoja alichokiona mtandaoni kilishawahi kuwekwa kwenye tovuti ya jumba lenyewe. Vingi kati ya vile vingine vilivyopotea havikuwa na picha wala kumbukumbu kamili, ndo maana viliweza kupita. Kwa hiyo bei ikiwa chini kupita kiasi usifurahie haraka, jiulize kwanza.

Tuje kwenye hela. Kosa linalojirudia kila siku ni kulinganisha kadirio na matokeo kana kwamba ni kitu kimoja. Kadirio la katalogi ni la bei ya nyundo, yaani dau la mwisho mnadi anapogonga nyundo, lakini matokeo yanayotangazwa na nyumba kubwa za mnada yana kamisheni ya mnunuzi ndani yake, ile asilimia unayoilipa nyumba juu ya dau lako. Mfano, kadirio ni pauni 3,000 hadi 5,000, tovuti inaonyesha imeuzwa 6,000, unasema imepasua kadirio. Kama kamisheni ni asilimia 25, gawa 6,000 kwa 1.25 unapata 4,800, yaani nyundo ilianguka ndani ya kadirio kama walivyotarajia. Na ukipiga hesabu ya mfukoni mwako, nyundo ya 4,000 na kamisheni ya 25% inakuwa 5,000, Uingereza wanaongeza kodi ya 20% juu ya ile kamisheni, ni 200, unafika 5,200 kabla hujasafirisha wala kulipa ushuru wa kuingiza. Angalia alama ndogo pembeni ya namba ya loti, nyota, msalaba na kadhalika, kila moja ina maana yake ya kodi na imeelezwa mwisho wa katalogi.

Kutafuta bei za kulinganisha, matokeo ya Christie's, Sotheby's na Bonhams yanapatikana kwenye tovuti zao, na Gorny & Mosch wa Munich wanafaa sana kwa vitu vya kati. Usichukue tatu bora ukasema ndo soko, chukua kumi na tano ishirini za aina moja, zikiwemo zilizokosa mnunuzi, manake loti iliyorudi nyumbani nayo ni habari. Halafu zigawe mafungu mawili, zenye historia ya kabla ya 1970 na zisizo nayo. Ukifanya hivyo lile pengo utaliona mwenyewe. Uzito wa dhahabu usikusumbue sana, hereni za Kirumi mara nyingi ni gramu chache tu, bei inatoka kwenye ufundi, ukamilifu na jiwe. Pete za shaba zipo tele na ni rahisi, dhahabu yenye jiwe lililochongwa vizuri ni dunia nyingine, na sura ya mtu anayetambulika au sahihi ya mchongaji inapandisha zaidi. Mikufu soma kwa makini: nyingi ni shanga za kale kweli lakini zimetungwa upya juzijuzi, na katalogi yenye heshima itakuandikia hivyo.

Uhalisi ni somo refu, nitagusa mawili. La kwanza ni waya. Warumi walitengeneza waya wa dhahabu kwa kusokota utepe au kijiti cha dhahabu na kukiviringisha, kwa hiyo chini ya lenzi unaona mshono unaozunguka waya kama ngazi ya mzunguko, ukiona mistari iliyonyooka sambamba kufuata urefu wa waya huo umevutwa kwenye tundu la chuma, teknolojia iliyoenea baadaye. Omba picha ya karibu ya waya, wanazo. La pili, historia ndefu haimaanishi kitu ni cha kale. Mwanamfalme Stanislas Poniatowski alikuwa na mawe kama 2,500 yaliyouzwa Christie's 1839, na yakaja kujulikana karibu yote ni kazi ya wachongaji wa zama zake mwenyewe, wakayawekea sahihi za mafundi wa kale. Umiliki safi wa karibu miaka 200, na sio ya Kirumi. Kwa upande mwingine, jiwe la kweli lililopandikizwa kwenye fremu ya dhahabu ya karne ya 18 lina faida, ile fremu inakuonyesha lilishatoka ardhini zamani, mradi uhakikishe fremu haikuhamishwa kutoka jiwe lingine.

Ukishamaliza yote hayo, waandikie imeili wiki mbili kabla ya mnada. Usiulize "je, ni halali?" watakujibu ndiyo. Uliza: nani alinunua mara ya kwanza na mwaka gani, kuna risiti au picha ya zamani na naomba nakala yake, nchi ilikotoka ni ipi, ilitoka kwa hati gani, na fremu au waya umewahi kurekebishwa. Wakisema wana karatasi lakini hawawezi kutuma kwa sababu ya faragha, waambie wafiche jina la muuzaji, waache tarehe na maelezo ya kitu. Jibu lisipokuja mpaka siku ya mnada, iache hiyo loti ipite.

Ukinunua, ankara, kurasa za katalogi, zile imeili na kibandiko cha namba ya loti vyote viweke pamoja, na upige picha kito pande zote na mizani ikionekana. Kama kinaingia Umoja wa Ulaya kutoka nje, tangu 28 Juni 2025 vitu vya akiolojia vya zaidi ya miaka 250 vilivyotengenezwa au kugunduliwa nje ya Umoja huo vinahitaji leseni ya kuingiza hata kama bei ni ndogo, na kwa kawaida lazima uonyeshe vilitoka kihalali kwenye nchi yake ya asili. Leseni inapatikana kabla ya mzigo kuingia, kwa hiyo ongea na wakala wa forodha kabla hujaweka dau.