Kutia pawa steringi na kijiko cha mbele kwenye trekta dogo

Anza na ekseli, kisha usukani; kijiko kije mwisho. Trekta dogo la nguvu farasi 20 hivi, mbele limeundwa kubeba injini na rejeta, basi. Kijiko cha upana wa sentimita 120 kinachobeba mita za ujazo 0.12 kikijaa mchanga mbichi ni kama kilo 240, bila kuhesabu mikono na fremu yake. Mzigo huo ukiwa juu ya tairi mbili ndogo katika tope la masika bonde la Cheju, Unguja, usukani wa mkono hauendi, na dereva akiulazimisha, meno ya boksi la steringi yanakatika.

Piga jeki mbele, shika kila tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, badilisha beringi na bushi za kingpini (pini ambayo tairi hugeukia). Angalia pia pini ya katikati ya ekseli. Usiruke hatua hii: pawa steringi itauficha ulegevu huo mpaka siku tairi itakapochomoka.

Pampu ya gia ya cc 8 kwa mzunguko, injini ikienda mizunguko 2,500, inatoa lita 20 kwa dakika, na zinatosha. Kwa presha ya bari 140 itakula nguvu farasi 7 hivi, kwa hiyo injini ya farasi 12 itakuwa inazimika kila unaponyanyua. Ifunge mbele ya kranki kwa kaplingi yenye mpira, shafti mbili zikitazamana sawasawa. Ukilazimika kutumia mkanda, puli iwe na beringi zake na shafti yake, kwa sababu pampu hizi hazikuundwa kuvutwa kwa ubavu; sili itaanza kuvuja mapema, kisha bodi ya ndani inalika.

Mahali pa boksi la steringi unafunga obitroli ya cc 80, yaani valvu inayozungushwa na usukani na kupeleka oili kwenye silinda ya kugeuza tairi. Silinda hiyo ya kipenyo cha milimita 40, rodi 20 na mwendo wa milimita 200 inameza cc 250 ikisukuma na cc 188 ikivuta. Ndiyo maana upande mmoja utazungusha usukani mara tatu na ushei, upande wa pili mara mbili na kidogo. Si ubovu. Anayetaka pande zote sawa atafute silinda yenye rodi pande mbili. Hakikisha tairi zinagota kwenye stopa za ekseli kabla pistoni haijafika mwisho wa silinda.

Oili ikitoka kwenye pampu ipite kwanza kwenye valvu ya kugawa inayoupa usukani kipaumbele, na inayobaki ndiyo iende kwenye leva za kijiko. Bila valvu hiyo, ukinyanyua na kukata kona kwa pamoja, usukani unakufa mkononi. Presha ya steringi iweke bari 100, ya kijiko 140. Paipu ya kunyonya iwe inchi 1. Ikiwa nyembamba au klipu yake imelegea, pampu inavuta upepo, inapiga kelele, na oili inatoa povu jeupe kama maziwa.

Fremu ya kijiko isiishie mbele. Vuta bapa la chuma la milimita 10 kila upande mpaka ekseli ya nyuma, la sivyo nyumba ya klachi, ambayo ni chuma cha kalibu, itapasuka. Silinda mbili za kunyanyua, kipenyo milimita 40 na mwendo 400, zinataka lita moja ya oili. Kijiko kitafika juu kwa sekunde tatu au nne. Nyuma funga zege la kusawazisha uzito, sentimita 40 kwa 40 kwa 50, karibu kilo 190. Usilijaze mawe ya matumbawe, yana matundu na ni mepesi.

Maliza kuchomea kote kabla hujafungua kizibo chochote cha pampu au silinda. Punje moja ya welding inakwaruza obitroli nzima. Tangi la lita 20, oili ya haidroli namba 68, chujio la maikroni 10 kwenye njia ya kurudi. Kutoa upepo, acha mbele juu ya jeki, injini taratibu, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kumi huku ukiongeza oili. Tairi zikienda kinyume, badilishana paipu za L na R (kushoto na kulia) kwenye obitroli. Kisha zima injini ujaribu tena: usukani uwe mzito lakini ugeuze tairi. Usipogeuza, trekta lisitoke.

Karibu na pwani, chumvi ndiyo inayoua silinda. Rodi ikipata kutu inakuwa na vishimo, na vishimo hivyo vinakata sili kila inapoingia. Jioni osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, laza kijiko chini rodi za kunyanyua ziingie ndani, na sehemu ya rodi inayobaki nje ipake grisi. Boliti za fremu zikaze tena baada ya saa kumi za kazi.