Kwa nini hatusemi "watoto wasita"

Ukihesabu vitu, namba zinazobeba kiambishi ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane: vitabu vinane, watu wawili. Sita, saba na tisa hazibadiliki, kwa kuwa zilitoka Kiarabu zikabaki kama zilivyokuja. (Kumi ni ya Kibantu lakini nayo imegoma, basi ikariri tu.) Kwa hiyo andika "watoto sita", si "watoto wasita".

Zamani Kiswahili kilikuwa na maneno mtandatu (sita), mfungate (saba) na kenda (tisa). Hayajafa kabisa: fungate ya maharusi ni zile siku saba baada ya harusi, na jina la Mijikenda, jamii za pwani ya Kenya, maana yake ni miji tisa. Mimi fungate ndiyo hunifurahisha zaidi.