Kibali Kabla ya Banda: Kuomba Leseni ya Kufuga Wanyamapori Ukiwa Kanda ya Ziwa

Watu wengi wanaokuja kuniuliza habari za kufuga wanyamapori huanza na banda: waya wa aina gani, urefu wa mita ngapi, paa la bati au la nyasi. Wengine, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, huanza kwa kunionyesha picha ya mnyama ambaye tayari yuko nyumbani kwao. Mimi nafuga kanga na kobe kwa kibali upande wa Magu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kuandaa mafaili ya maombi. Naandika mpangilio huu kwa kufuata utaratibu ambao umenipunguzia safari za kwenda na kurudi, nao unaanzia kwenye karatasi, kwa sababu banda hurekebishika lakini mnyama asiye na karatasi hatafutiwi karatasi baadaye.

Msingi wa yote hapa Tanzania ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ambayo inawahesabu wanyamapori wote kuwa mali ya umma iliyowekwa chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Kwa hiyo unapopewa leseni unaruhusiwa kukaa na mali ya umma kwa masharti. Ieleweke pia kwamba sheria hiyo inaposema mnyama haimaanishi tembo na simba peke yao. Ndege, nyoka na mijusi wamo, na mayai yao yamo vilevile. Mama anayeokota mayai ya kanga kwenye shamba la pamba kule Misungwi na kumwatamisha kuku amekwisha kuingia ndani ya sheria hii bila kujua. Kosa la kupatikana na nyara za Serikali, yaani mnyamapori au sehemu ya mwili wake bila kibali, hushtakiwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, na kifungo cha miaka 20 si jambo la kushangaza katika mahakama zetu.

Hatua ya kwanza: mtambue mnyama kwa jina lake kamili

Usiandike “ndege wa mapambo” au “kobe wa kawaida” katika barua. Andika jina la Kiswahili na jina la kisayansi, kwa kuwa spishi ndiyo inayoamua ugumu wa safari yako. Kasuku wa kijivu, kwa mfano, yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017, na korongo taji ambaye wenye hoteli za kando ya Ziwa Victoria humpenda kwa bustani zao yumo katika Kiambatisho cha Pili. Hata mjusi wa mawe mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi walimpa jina la mji wetu wa Mwanza, *Agama mwanzae*, ni mnyamapori kama wengine, ingawa watoto wa Bugando humwona kila asubuhi akiota jua ukutani. Samaki na nyuki wana sheria zao, hivyo mwenye bwawa au mizinga asipoteze muda kwenye mlango huu.

Katika hatua hii amua pia unaomba kitu gani hasa. Shamba la kuzalisha, ranchi, bustani ya wanyama inayopokea wageni na kituo cha kutunzia wanyama waliookolewa havichukuliwi kuwa jambo moja, na bucha ya nyamapori ina kanuni zake tangu mwaka 2020. Anayetaka kufanya utafiti tu, bila kumiliki, njia yake inapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Nimeona faili likikaa miezi kwa sababu mwombaji aliandika “kufuga” huku michoro yake ikionyesha dirisha la kukatia tiketi.

Hatua ya pili: andika chanzo cha mnyama kabla ya kumnunua

Hapa ndipo waombaji wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Chanzo halali ninachokifahamu ni cha namna tatu: kununua kwa mfugaji mwenye leseni ya kuzalisha, kupata kibali cha kukamata kutoka porini, au kukabidhiwa mnyama na Serikali. Ukinunua, omba nakala ya leseni ya muuzaji uisome, kwa maana leseni ya kanga haimruhusu kukuuzia korongo. Angalia tarehe ya mwisho ya leseni hiyo na idadi ya wanyama iliyoruhusiwa. Mtu mwenye kibali cha ndege 20 akikuuzia 15, kisha akamuuzia jirani yako 15 wengine, mmoja wenu ana ndege wasio na asili, na siku ya ukaguzi hakuna atakayejua ni yupi.

Risiti peke yake haitoshi. Risiti inaonyesha kwamba fedha zilitolewa. Haionyeshi kwamba aliyepokea alikuwa na haki ya kuuza. Mwenye hoteli mmoja aliniita akiwa na jozi ya korongo taji na risiti nzuri yenye muhuri, na muuzaji akawa hapatikani kwenye simu. Nilimshauri jambo ambalo hakulipenda: atoe taarifa mwenyewe na kuwakabidhi ndege wale, kisha aanze upya. Aliwakabidhi.

Kuhusu mtoto wa mnyama aliyeokotwa, iwe ni tumbili aliyeangushwa na mama yake au pimbi aliyetolewa mdomoni mwa mbwa, toa taarifa siku hiyohiyo kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) Kanda ya Ziwa, uandike saa na jina la aliyepokea taarifa. Huruma haigeuki kuwa kibali kwa kukaa muda mrefu. (Tena usimpe jina, nimeona jinsi siku ya kumkabidhi inavyokuwa ngumu.)

Hatua ya tatu: pima ardhi, na pima kutoka ziwani

Utahitaji uthibitisho wa umiliki au upangaji wa ardhi. Kama ni ardhi ya kijiji, muhtasari wa kikao cha kijiji kilichoridhia mradi huongeza nguvu ya ombi, hasa pale ambapo majirani wanalima na watauliza mnyama akitoroka itakuwaje.

Sisi wa ukanda huu tuna jambo la ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufuko wa ziwa. Mchoro wangu wa kwanza niliupima wakati wa kiangazi, nikafurahi kwamba banda la kobe limevuka mita hizo kwa hatua chache. Kisha ziwa likapanda mwaka 2020, kama wengi mnavyokumbuka, na yale majani niliyokuwa nayahesabu kuwa nchi kavu yakawa mahali pa kufungia mitumbwi. Nilihamisha nguzo zote kwa gharama yangu. Tangu hapo nawaambia watu wapime kuanzia mahali ambapo wazee wa eneo hilo wanasema maji yamewahi kufika, kisha waongeze tena.

Wasiliana na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, mapema ili ujue kama mradi wako unahitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira na cheti chake. Ikihitajika, mtumie mtaalamu aliyesajiliwa.

Hatua ya nne: andaa faili na ulipeleke

Barua ielekezwe kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori katika Wizara ya Maliasili na Utalii, ipitie kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako, na ofisi ya TAWA ya kanda ipate nakala. Ambatanisha andiko la mradi, ramani ya eneo, michoro ya mabanda, vielelezo vya chanzo cha wanyama, nyaraka za ardhi, namba ya mlipakodi, usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kama ni kampuni, na makubaliano ya maandishi na daktari wa mifugo. Malipo yote ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mtu akikuomba fedha mkononi ili “faili litembee”, faili hilo halitembei popote.

Hatua ya tano: mpokee mkaguzi

Mkaguzi huangalia kama mnyama anaweza kutoroka, kuumia au kuumiza mtu, na kama ana kivuli, maji na sehemu ya kujificha. Jenga sehemu ya karantini mbali na kuku wa nyumbani, kwa sababu ugonjwa wa mdondo hauchagui kati ya kanga na kuku. Mwonyeshe pia unakomwaga maji machafu. Yakielekea ziwani utaulizwa.

Hatua ya sita: mlete mnyama, kisha andika kila siku

Leseni ikishatoka, bado mnyama hasafirishwi bila kibali cha kumhamisha na cheti cha afya, hata kama anatoka Sengerema kuvuka maji tu. Akifika, fungua daftari la kurasa zenye namba: waliopo, waliozaliwa, waliokufa, mayai, chanjo, na tarehe ya kuhuisha leseni ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada.

Mnyama akifa usimzike wala kumtupa. Ngozi, manyoya na gamba lake bado ni nyara za Serikali, na shimo la nyuma ya banda haliwezi kueleza aliyezikwa humo alikuwa nani. Mpige picha, mweke kwenye friza, mwite daktari aandike sababu ya kifo, kisha umpigie simu afisa wanyamapori kabla ya jioni ili akuelekeze la kufanya na mabaki.