Jengo Lisimame kwa Timazi: Kujifunza Kupiga Picha za Majengo na Vyumba

Fundi mwashi hajengi ukuta bila timazi na pimamaji. Mpiga picha wa majengo ana wajibu uleule: ukuta uliosimama wima barabarani usimame wima pichani. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na bado nikifika mbele ya jengo swali langu la kwanza si lenzi ipi nitoe begini, bali nisimame wapi. Mwongozo huu unafuata swali hilo kutoka barabarani mpaka chumbani.

Hatua ya 1: Chagua jengo moja, kamera ibaki nyumbani

Chukua jengo unalopita mara kwa mara mjini. Lisiwe lile maarufu ambalo kila mtu amelipiga, kwa sababu utajikuta unanakili picha ulizokwisha kuziona. Lizunguke asubuhi, mchana na jioni, na uandike kwenye daftari: jua linapiga ukuta upi saa ngapi, kivuli cha jengo jirani kinafika wapi, magari yanaegeshwa upande gani, watu wanaingilia mlango upi.

Jambo kubwa la kutazama ni kivuli. Jua likiupiga ukuta uso kwa uso, nakshi, viungo vya matofali na vina vya madirisha hupotea, ukuta ukawa bapa kama karatasi. Likija kutoka ubavuni, kila ukingo hutupa kivuli chake na jengo linapata unene. Saa nzuri ya ukuta wowote basi ni ile ambayo jua linaanza kuugusa au linakaribia kuuacha. Mwaka nao una neno lake. Karibu na ikweta, ukuta unaotazama kaskazini hupata jua katikati ya mwaka, na unaotazama kusini hulipata karibu na Desemba. Kuna majengo niliyoyasubiri miezi minne kwa sababu hiyo tu, na sijutii hata moja.

Hatua ya 2: Vifaa

Kamera yoyote inayokuruhusu kuweka mipangilio kwa mkono inatosha, na simu nzuri inatosha kuanzia. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua tripodi imara kabla ya lenzi mpya. Lenzi ya 24 mm hadi 70 mm (namba ikiwa ndogo, lenzi huona pana zaidi) kwenye kamera ya fremu kamili itakubeba muda mrefu. Lenzi ya kusogeza, ile ambayo kioo chake huteleza juu au chini huku kamera ikibaki wima, ni chombo kizuri sana, lakini ni ghali. Ijie baadaye, ukishajua kwa nini unaihitaji.

Hatua ya 3: Umbali

Hapa ndipo pa kukaa.

Wengi huamini kwamba lenzi pana ndiyo inayoharibu umbo la jengo. Sivyo. Ukubwa wa kilicho karibu ukilinganishwa na kilicho mbali huamuliwa na mahali uliposimama. Lenzi hukata tu sehemu kubwa au ndogo ya unachokiona kutoka hapo. Nguzo zinazoegemeana juu kana kwamba zinaanguka hazitokani na lenzi pia. Zinatokana na kuielekeza kamera juu. Kitambuzi, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kikiwa sambamba na ukuta, mistari wima hubaki wima hata kwa lenzi ya 14 mm. Kiinamishe kidogo tu, inaanza kukutana.

Sasa tufanye hesabu. Kamera ya fremu kamili ina kitambuzi cha milimita 36 kwa 24. Ukiweka lenzi ya 24 mm na kusimamisha kamera kiwima (upande mrefu wa picha ukienda juu), bila kuielekeza juu, juu ya usawa wa jicho lako itaona urefu wa robo tatu ya umbali uliopo kati yako na ukuta. Jengo la mita 15 basi linakudai usimame kama mita 18 kutoka ukutani. Ukiilaza kamera, itaona nusu tu ya umbali huo, na utahitaji mita 27 hivi. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutoka, na utajua kama barabara yenyewe ina upana wa kutosha.

Barabara ikiwa nyembamba, zipo njia tatu. Ya kwanza ni kupanda: omba ruhusa uingie jengo la ng'ambo, ufike ghorofa iliyo karibu na nusu ya urefu wa jengo unalolipiga. Kutoka hapo unatazama mbele moja kwa moja, na juu na chini vinaingia sawasawa. Mimi huanza kwa kuitafuta njia hii kila mara. Ya pili ni lenzi ya kusogeza. Ya tatu ni kupiga ukiwa umeinua kamera na kunyoosha mistari kwenye programu ya kuhariri. Njia hii inafaa kwa mwinuko mdogo, lakini sehemu ya juu huvutwa, pembeni hukatwa, na uwiano wa jengo hubadilika. Ukiitumia, acha nafasi ya ziada kila upande.

Katika kazi zangu za mwanzo nilimpelekea msanifu mmoja picha za ukumbi wenye nguzo ndefu, zote nimezipiga kamera ikitazama juu. Alizipitia kimya, kisha akaweka rula juu ya moja na kunionyesha pengo. Nguzo alizokuwa amezichora wima zilikuwa zimeinama kwa sababu mimi sikurudi nyuma hatua kumi. Tangu siku hiyo sibonyezi kitufe kabla ya kukagua kingo mbili za wima, moja ya kushoto na moja ya kulia.

Ukiwa mahali pako, amua mambo mawili tu. Je, unalitazama jengo uso kwa uso, au kwa kona? Uso kwa uso unadai usahihi: ukiwa nje ya mhimili hata kidogo, mistari ya mlalo inateremka upande mmoja na mtazamaji anaona kosa mara moja. Kwa kona, usizipe kuta mbili nafasi sawa. Chagua ukuta unaozungumza, uupe kama theluthi mbili ya picha, na ule mwingine uusindikize.

Hatua ya 4: Mipangilio

Hii ni fupi. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11 (namba ikikua, tundu hupungua), shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, iwe ndefu kadiri inavyohitajika kwa sababu kamera iko juu ya tripodi. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Hifadhi picha kama faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaibana wala kuihariri. Washa pimamaji ya ndani ya kamera na mistari ya gridi, uiamini kuliko jicho lako. Usifunge tundu mpaka f/22 ukidhani unaongeza ukali. Mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea.

Hatua ya 5: Subiri baada ya machweo

Kuna dakika chache ambazo mwanga wa anga na mwanga wa taa za ndani vinalingana. Anga linakuwa la bluu nzito, madirisha yanawaka, na unaona nje na ndani kwa pamoja. Kabla ya hapo madirisha ni meusi. Baada ya hapo anga ni jeusi na paa halina ukingo. Dirisha hili la wakati hutegemea ulipo. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na giza huingia kati ya dakika 20 na 25 baada ya machweo. London mwezi Juni huchukua karibu robo tatu ya saa. Fika saa moja kabla, funga tripodi, panga picha, kisha piga kila dakika mbili bila kusogeza chochote. Nyumbani utachagua moja, na mara nyingi si ile uliyoidhania pale.

Kuhusu ruhusa: kupiga jengo kutoka barabara ya umma hukubaliwa mahali pengi, lakini sheria hutofautiana, hasa ukitaka kuuza picha. Mnara wa Eiffel mchana ni huru, ila mpangilio wa taa zake za usiku unalindwa na hakimiliki. Ndani ya jengo, pata kibali cha maandishi kila mara, na umwonyeshe mlinzi mapema kabla hajakuuliza.

Hatua ya 6: Ingia chumbani

Chumba hukunyima umbali, na hapo ndipo kishawishi cha lenzi pana kuliko zote kinapokuja. Kikatae. Chini ya 20 mm, kiti kilicho pembeni mwa picha hutanuka kikawa kama kitanda, na chumba kidogo hugeuka uwanja. Anayeingia humo baadaye huhisi amedanganywa. Ni afadhali kuonyesha kuta mbili kwa ukweli kuliko tatu kwa kuzivuta. Rudi mpaka mgongo uguse ukuta, au toka upigie mlangoni.

Urefu wa kamera hubadilisha chumba kizima. Kwa usawa wa jicho la mtu aliyesimama, unaonyesha sehemu za juu za meza na sakafu nyingi mno. Shusha tripodi mpaka sentimita 110 au 130 sebuleni. Chumbani kwa kulala shuka zaidi. Jikoni panda kidogo, uone uso wa kaunta kama ukanda mwembamba bila kuona chini ya makabati ya juu.

Kisha weka kamera pembeni na uwe mtunza nyumba kwa nusu saa. Nyoosha mapazia, ficha nyaya, panga viti viwe sambamba na meza, ondoa pipa la taka, futa alama za vidole kwenye kioo. Kagua kila kioo na kila bilula inayong'aa: je, wewe na tripodi yako mmo humo? Usiondoe kila dalili ya maisha, lakini. Kitabu kilichofunguliwa au kikombe kimoja humwonyesha mtazamaji ukubwa wa mahali.

Hatua ya 7: Mwanga wa ndani

Kabla ya kuongeza taa yoyote, zima zote. Tazama chumba kwa mwanga wa dirisha peke yake. Balbu za manjano za nyumbani huwa na Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, mwanga wa jua la mchana kama 5500, na mwanga wa kivulini chini ya anga wazi huzidi 7000. Ukichanganya vyote, ukuta mweupe utakuwa wa machungwa upande huu na wa bluu upande ule, na hakuna mpangilio mmoja wa rangi utakaouponya. Mchana mimi huchagua dirisha na taa hubaki zimezimwa. Jioni huziwasha, nikasubiri nje kufifie.

Dirisha likiwa kali mno, piga picha tatu hadi tano bila kugusa tripodi, zikipishana stopu 2 (kila stopu huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu), kisha uziunganishe kwa mkono: chumba kutoka kwenye picha angavu, mandhari ya nje kutoka kwenye ile nyeusi. Uiache nje iwe angavu kidogo kuliko ndani, ndivyo jicho linavyotarajia. Programu zinazochanganya zenyewe huua vivuli, na chumba bila vivuli hakina kina. Ukiona mistari ya giza kwenye picha chini ya taa za LED, refusha shata: 1/50 ya sekunde au ndefu zaidi pale umeme ulipo wa hezi 50, 1/60 pale ulipo wa hezi 60.

Julius Shulman, mpiga picha wa majengo wa Marekani, alipopiga nyumba ya kioo iliyosanifiwa na Pierre Koenig juu ya vilima vya Los Angeles mwaka 1960, aliacha shata wazi kwa dakika kadhaa ili taa za jiji zijiandike kwenye filamu, kisha akamulika waliokaa ndani kwa flashi. Vipimo viwili vya mwanga, fremu moja, kamera haikusogea.

Hatua ya 8: Kuhariri na kurudi

Nyoosha wima kwanza, mlalo baadaye, rangi mwisho. Kata kidogo. Kisha chapisha picha tano ulizozichagua, rudi nazo kwenye jengo lilelile, usimame pale uliposimama, na uziweke mbele ya macho. Pale ambapo jengo na karatasi havifanani, andika sababu pembeni ya picha: umbali, urefu wa kamera, au saa. Siku ya pili anzia kwenye maandishi hayo.