Ukitaka nyanya akupe historia, usimuulize mwaka

Kila mwaka nawapa watoto wa kidato cha pili kazi ya kumhoji mzee mmoja mtaani, na mwanzoni daftari zilikuwa zinarudi na sentensi mbili, "alizaliwa zamani, maisha yalikuwa magumu lakini vitu vilikuwa rahisi", basi, ukurasa umeisha. Makosa hayakuwa ya wazee wala ya watoto, ni maswali, na maswali niliyaandika mimi: ulizaliwa mwaka gani, uliolewa mwaka gani, ulihamia hapa mwaka gani. Mzee akisikia hivo anaona kama yuko dirishani kwa watu wa vitambulisho.

Sasa fanya hivi. Nenda baada ya alasiri, jua lishapoa na mwenyewe ametoka barazani. Usiende mikono mitupu, beba kaimati ama hata sukari na majani ya chai. Shikamoo, kaa, ulizia magoti yake, mwache aisute bei ya samaki mpaka amalize. Simu ya kurekodi muombe ruhusa na uiweke anapoiona, kuna kijana alificha yake chini ya mto ikaita katikati ya maneno, akafukuzwa na kaimati zake.

Halafu mwaka utautafuta wewe, yeye mpe tukio. Hapa Mombasa matukio tunayo. Kwa walio wakongwe kabisa uliza habari za ule mgomo wa Januari 1947, siku 12 mji umesimama, bandarini, relini, mpaka mahotelini, watu wanakutana Kiwanja cha Maskini. Anayefuata muulize alikuwa wapi bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliposhuka pale ngomeni Fort Jesus mwaka 1963, na hapa nyamaza usikilize, maanake si kila nyumba ya pwani ilifurahi sawasawa, kuna waliocheza ngoma na kuna waliofunga milango, na mzee akiona wewe tayari una jibu lako atakupa hilo hilo lako. Wa rika la chini yao waulizie lile daraja la Nyali la kuelea, kabla hili la sasa halijafunguliwa 1980, ama feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994, ingawa hiyo uliza taratibu, watu 272 walikufa na pengine unayeongea naye alikuwa na mtu ndani.

Mie nilijifunza haya kwa nyanya yangu mwenyewe. Nilimuuliza ami yangu wa mwisho kazaliwa lini, akasema "sijui mwanangu, angalia karatasi." Karatasi, yaani kitambulisho, yasema 1980. Siku nyengine tukawa tunaongea kuhusu Mzee Kenyatta, kwamba alifia hapa hapa Mombasa, na nyanya bila kuulizwa akasema, "Siku alokufa Mzee, n'likuwa nampakata ami yako, hajaota hata jino, na redio kutwa ni nyimbo za huzuni tu." Kenyatta alikufa 22 Agosti 1978. Kwa hivo ami ni wa 1978, na karatasi ndiyo iliyodanganya. Ami mwenyewe kaniambia nisipeleke hiyo habari popote, anataka kustaafu kwa ile miaka ya kitambulisho.

Lakini usije ukaamini kila kitu pia. Wazee wetu wana "sisi" moja kubwa sana. Mzee atakwambia "tuliijenga hii reli" na reli ilianza hapa 1896, ama "tuliwatoa Wareno pale ngomeni" na hiyo ni 1698, tena na Waomani ndani yake. Hasemi uongo, anasema ukoo. Kazi yako ni kuuliza kwa adabu, "wewe mwenyewe ulikuwepo, ama ulihadithiwa? Na nani?" Hilo "na nani" ndilo lenye utamu, linakushukisha mpaka kwa babu wa babu.

Akikwama kabisa, mtajie jina la mahali. Makanga wa matatu kutwa wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" na mtoto hajui kuwa kengele yenyewe ipo, ile ya Freretown, walikowekwa watu waliokombolewa utumwani miaka ya 1870. Kilindini nayo ni kilindi, maji marefu. Jina moja laweza kukulia saa nzima.

Jambo moja tu nawakataza wanafunzi: asili ya mtu haiulizwi mbele ya watu. Nani alikuwa mtumwa wa nani, nani kaja na jahazi, nani si wa hapa, hayo akitaka atayasema mwenyewe mkiwa wawili, na akisema zima simu.

Ukirudi nyumbani andika usiku huo huo, na faili ulipe jina la mtu na tarehe, si "sauti 014", utakuja kulia. Weka maneno yake kama alivyoyasema, "nali" iwe "nali", usimgeuze msoma habari wa redio. Halafu rudi umsomee. Mie nilimsomea nyanya kurasa nne za harusi yake, akasikiliza mpaka mwisho kafumba macho, nikadhani kasinzia, kumbe ananisubiri nimalize. "Yote sawa," akasema, "ila mbuzi alikuwa mmoja. Huyo wa pili ni maneno ya babu yako."